Makapi Yasiyosogea

Vijana wangu mnaojifunza kuzamia, juzi nilipita Dunga nikawakuta wenzenu wamesimama ufukweni na mwalimu wao, wanachagua mahali pa kushukia. Waliyatazama maji kidogo, wakaona hayana wimbi, wakasema, "Hapa pazuri," na mitungi ikaanza kuvaliwa. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mzee mstaafu akipiga kelele ufukweni watu husema jua limempanda kichwani, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikashika kalamu.

Mimi nilifundisha watu kuzamia hapa Kisumu miaka ya themanini na tisini. Tulikuwa kikosi kidogo cha bandarini. Kazi yetu ilikuwa kukagua matumbo ya meli, kukata nyavu zilizojisokota kwenye propela, na kuzibua mabomba ya maji yaliyoingiwa na taka. Hakuna aliyezamia kwa starehe. Baba yangu alikuja na reli kutoka pwani, mama yangu ni wa hapa hapa, nami ni Hamisi, ingawa wote niliowafundisha waliniita Mwalimu, hata walipojua kwamba shule niliiacha darasa la saba.

Kabla ya ufundi niseme la moyoni. Ziwa hili linanistaajabisha mpaka leo. Mara ya kwanza niliposhuka nilitegemea kuona vitu, maana baba alikuwa amenisimulia bahari yake, jinsi samaki wa kila rangi wanavyopita mbele ya uso. Hapa nilishuka mita mbili, mkono wangu mwenyewe ukapotea. Maji yalikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, halafu ya kahawa, halafu hayakuwa na rangi tena. Nikasikia moyo wangu. Nikasikia mapovu yangu, na injini ya boti ambayo niliambiwa baadaye ilikuwa mbali sana, karibu na pale macho yanapokomea. Nilijua kwamba niko ndani ya kitu kikubwa mno, na chenyewe hakijui kama nimeingia. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, na haukuwa woga. Mkicheka chekeni, lakini mtu asiyestaajabu hata kidogo siku ya kwanza, mimi nilikuwa namrudisha nyumbani.

Aliyenishusha siku ile ni Mzee Ochola, mzamiaji mkuu wetu, mtu mfupi mwenye kifua kipana na maneno machache. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua mahali pa kufundishia wageni wa maji. Alikuwa na kimfuko cha makapi ya mpunga, aliyoyachukua Ahero kwa shemeji yake kila mavuno. Akifika mahali, alitupa konzi moja ya makapi juu ya maji, akawasha sigara, akachuchumaa.

"Hamisi, usiangalie maji na macho tu," aliniambia. "Macho iko haraka. Wacha makapi ikuambie."

Sigara ikiisha, anasimama kuangalia. Makapi yakiwa yamesogea zaidi ya hatua tano, tunaondoka, kwa sababu mgeni atavutwa bila kujua. Yakizunguka, tunaondoka haraka zaidi. Yakibaki yalipoangukia, Mzee Ochola hakufurahi bado. Hapo ndipo alipouliza swali lake la pili, na alimwuliza mtu yeyote aliyekuwa karibu, awe mvuvi au mchunga ng'ombe.

"Mwenye hapa ni nani?"

Nilidhani anauliza habari za shamba. Akanieleza tukiwa tunarudi, akiniita ndugu kwa Kidholuo. "Omera, mahali imetulia namna hii, kila mtu anaipenda. Hata wanyama. Lazima iko na mwenyewe. Wewe tafuta mwenyewe kabla hajakutafuta."

Na kweli wenyewe walikuwepo. Ghuba moja nzuri kuelekea Kendu, makapi yametulia kama yamebandikwa, mwenyewe alikuwa kiboko jike na mtoto wake. Nyingine ilikuwa ya wavuvi walioacha nyavu zao humo mchana kutwa, na wavu usiouona ndani ya maji haya ni kaburi. Nyingine, zenye nyasi pembeni na maji ya uvuguvugu, wenyewe ni konokono wadogo wenye kichocho. Hao hatukuwashinda. Kikosi chetu kizima kilimeza vidonge vya kichocho mara nyingi hata tukawa tunaulizana habari za mkojo kama watu wengine wanavyoulizana habari za watoto.

Nami, kwa kuwa sikio la kufa halisikii dawa, siku moja nikasahau kuuliza. Nilikuwa mwalimu mpya, nina wanafunzi watatu, nimepata kighuba nyuma ya mawe, maji shwari, chini mchanga. Nikatupa makapi, yakatulia, nikawashusha. Saa kumi hivi mwanafunzi mmoja akaibuka na miwani yake na bomba lake mdomoni, akajikuta katikati ya akina mama wanaooga. Kumbe ni upande wa wanawake! Kila ufuko hapa una upande wa wanaume na upande wa wanawake, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, lakini sisi tulikuwa tumetokea upande wa majini, ambako hakuna aliyetarajia mtu. Wa kwanza alipiga yowe akisema ni jini. Wa pili hakujali ni nini, alimchapa na nguo iliyolowa mpaka miwani ikapasuka. Nilisimama mbele ya wazee wa ufuko nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kidholuo, na kwa kuinamisha kichwa. Mzee Ochola alicheka mpaka akakohoa. "Sasa umejua mwenyewe," alisema.

Vifaa vilibadilika. Mwanzoni hatukuwa na geji za kupimia hewa za kuaminika, tulikadiria hewa kwa kusikiliza jinsi inavyovutika. Baadaye zikaja geji, kikaja kitabu cha mafunzo chenye picha za maji ya buluu, na wakubwa wakataka tujaze fomu ya kila mahali tunapofundishia: kina, aina ya chini, mawimbi. Fomu haikuwa na nafasi ya mwenyewe. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni kamba. Katika maji usiyoona, kila mwanafunzi alifungwa kamba kiunoni, na mwalimu juu anashika upande wa pili. Mvuto mmoja ni swali, "Uko sawa?" Naye anajibu kwa mvuto mmoja. Miwili ni "Rudi." Nimeongea na watu wengi maishani, lakini sijapata mazungumzo mazito kuliko yale.

Sasa nifike kwa Onyango, maana ndiye aliyenitoa usingizini kuandika haya.

Wakati huo Mzee Ochola alikuwa ameshapumzika kaburini kwao, na ziwa lilikuwa limeingiwa na magugu maji. Nyinyi mmeyazoea. Sisi tuliyaona yakija. Mwanzo vishada viwili vitatu vyenye maua ya zambarau, tena wake zetu wakayapeleka nyumbani kuyaweka kwenye chupa. Halafu visiwa. Nilisimama jioni moja bandarini nikaona uwanja mzima wa kijani umekuja na ndege wake juu, umeifungia meli ya abiria gatini, na kesho yake asubuhi hauko. Niliogopa na nikastaajabu kwa pamoja. Kitu kizito hivyo, kisicho na miguu wala injini, kinahama usiku na kurudi.

Onyango alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya meli, mtu mzima mwenye watoto wanne, mikono mikubwa, mpole. Wakubwa walitaka fundi anayeweza kufanya kazi chini ya meli, wakamleta kwangu. Tatizo lake lilikuwa woga. Mara mbili nilimshusha kwa jaribio la mwisho, la kukaa chini robo saa peke yake na kufunga mafundo manne gizani, na mara mbili alivuta kamba kabla ya dakika tano. Akishindwa la tatu, ilikuwa arudi karakana na asiitwe tena. Nilimpenda yule bwana. Nikasema moyoni, mimi ndimi nitakayemtafutia maji yaliyotulia kuliko yote ya ziwa hili.

Nikayapata si mbali na Dunga. Kighuba chembamba, mafunjo upande mmoja, mawe upande wa pili, na jiwe moja bapa lililoingia majini kama baraza, ambapo mwalimu angeweza kusimama na kamba bila kuhitaji boti. Kina mita nne. Safari hii niliuliza mwenyewe ni nani. Nikaambiwa ni akina mama wanaouza samaki, ambao huosha sufuria zao pale jiweni tu, nao wakanikaribisha.

Siku ya jaribio tulipanga kuanza saa mbili asubuhi. Kompresa ya kujazia mitungi ikagoma. Tukaihangaikia mpaka saa sita. Mtu mwenye akili angeahirisha, lakini Onyango alikuwa amejikaza tangu alfajiri, nami nikaona nikimrudisha nyumbani na woga wake hataweza kuubeba tena siku nyingine. Tukaenda, mimi, yeye, na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Musa, kijana wa mtaa wa Kaloleni.

Nikatupa makapi. Wanangu, sijapata kuona kitu kama kile. Hayakusogea hata unene wa kidole. Sivuti sigara, kwa hiyo nilihesabu mpaka mia tatu, nikahesabu tena. Ziwa lote lilikuwa limelala, hata jani la funjo halikutikisika. Mwili ulinisisimka kwa uzuri wake.

Mama Atieno, muuza samaki, alikuwa jiweni anasugua sufuria kwa mchanga. Akanyoosha mkono wenye masizi kuelekea nje ya ghuba, ambako mstari wa kijani ulikuwa umekaa juu ya maji.

"Mwalimu, hiyo majani haijaenda mbali leo," alisema. "Imesimama tu hapo inangoja upepo."

"Mama, upepo uko wapi? Tazama makapi yangu."

"Makapi yako inaongea ya sasa. Mimi naongea ya saa nane."

"Wewe kaanga samaki, Mama," nikamwambia kwa utani, "mimi niachie maji."

Akacheka, akaendelea kusugua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, nami methali hiyo niliijua tangu utoto. Nilijua pia, kama kila mtu wa hapa, kwamba upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na wa alasiri hutoka ziwani kuja mjini, na kwamba katikati ya pepo hizo mbili kuna muda mfupi ambapo wa kwanza umechoka na wa pili haujaamka. Mimi mwenyewe niliwafundisha wengine hivyo. Lakini siku zote kighuba kama kile kilitukinga na upepo wa alasiri, tulikuwa tunaudharau. Sikufikiria kwamba sasa upepo una mzigo wa kusukuma.

Onyango akashuka. Nikavuta mara moja, akajibu mara moja. Dakika tano. Dakika saba, na hajawahi kufika saba. Nilikuwa natabasamu peke yangu juu ya jiwe, nikitazama mapovu yake yakiibuka pale pale, pole pole, mapovu ya mtu anayepumua bila hofu.

Ubaridi wa upepo ukanigusa shingoni. Nilipoinua macho mdomo wa ghuba ulikuwa umezibwa.

Magugu yalikuja bila kelele, na ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba kitu kikubwa hivyo hakikutoa hata sauti ya kunionya. Nikavuta mara mbili: rudi. Kamba ikanijibu kwa uzito tu. Ukingo wa magugu ulikuwa umeshaikumba, na mizizi imeidaka. Nikavuta tena, nikawa ninavuta shamba zima. Mapovu yakapotea chini ya majani, na baada ya dakika chache hapakuwa na maji ya kuonekana tena toka mawe mpaka mafunjo. Ungedhani unaweza kutembea juu yake.

"Yaye!" Mama Atieno aliangusha sufuria. "Mtu iko chini! Leteni panga! Leteni panga!"

Nikampa Musa kamba, nikavaa mtungi wa akiba, nikaingia kwa kuifuata kamba ile kwa mkono, nikiipasua mizizi kwa kisu. Chini yake palikuwa giza la aina nyingine kabisa. Mizizi ilining'inia usoni, laini, mirefu, imejaa viumbe vidogo vinavyotembea, na nilisikia mlio wa ajabu juu yangu, kitu kama mvua ya mbali, nadhani ni hayo majani yanavyosagana. Hata katika hofu ile, Mungu anisamehe, nilistaajabu. Nilikuwa chini ya nchi inayotembea. Nikaifuata kamba mpaka mwisho wake, nikashika kitanzi. Hakikuwa na mtu.

Sheria ya kwanza niliyomfundisha kila mtu ni kutofungua kamba. Nilikishika kile kitanzi kitupu nikajua nimemuua Onyango. Sina neno lingine. Nilimfikiria mke wake, ambaye aliwahi kuniletea omena, dagaa wa ziwani, kule bandarini na kuniambia, "Nakuachia yeye, Mwalimu." Nikaanza kupapasa tope, mkono mmoja kitanzini, mkono mmoja ukizunguka, kila mzunguko mpana kidogo kuliko wa kwanza. Nilishika tawi. Nilishika kiatu kilichooza. Hewa ilianza kuvutika kwa shida nikasema acha ivutike, juu siendi bila yeye. Na nilikuwa nasema kweli.

Ndipo kamba ikavutwa. Mara moja.

Nilidhani ni Musa, sikujibu. Ikavutwa tena, mara moja, halafu baada ya kitambo mara mbili, halafu mara mbili tena kwa nguvu ya mtu ambaye hatakubali kukataliwa. Musa alikuwa kijana mwembamba, hakuwa na mikono ile. Nikaifuata.

Akina mama na wavuvi watatu walikuwa majini mpaka kifuani, wamekata tundu kwa mapanga kando ya jiwe. Kichwa changu kilipotoka pale, mtu aliyeshika kamba, aliyepiga magoti juu ya jiwe na mizizi iliyolowa imemning'inia mabegani, alikuwa Onyango. Nilimshika mguu nikalia mbele ya wauza samaki wote wa Dunga, na Mama Atieno akaniambia, "Lia tu, Bwana. Lia tu."

Baadaye, tumefunikwa leso, nikamwuliza kwa nini alifungua kamba.

"Ilianza kunivuta kwenda kwa mafunjo, Mwalimu. Nikajua ikinifikisha huko nitafungwa na hiyo mizizi. Nikafungua. Halafu nikashika chini na mkono."

"Ukajuaje upande wa kwenda?"

Akaona haya. "Mimi naogopa maji, unajua. Wiki nzima nilikuwa nakuja hapa jioni nikitoka kazi. Naingia kidogo kidogo, natembea na miguu, halafu najizamisha napapasa na mikono. Upande wa mafunjo ni tope. Upande wa jiwe kuna changarawe na vipande vya sahani, hawa akina mama wanavunja sahani sana." Mama Atieno alitaka kubisha, akaacha. "Nikafuata vipande vya sahani mpaka nikagonga jiwe. Nikasimama. Musa akaniambia umeingia kunitafuta."

Mimi nilikaa mle ndani ya leso nikimtazama. Miezi minne nilikuwa nikipigana na woga wa mtu huyu kama ugonjwa. Nilimchagulia maji kwa ajili ya kuuficha. Na yeye, kwa woga ule ule, alikuwa ameijua ghuba ile kuliko mimi, kuliko fomu yangu, kuliko makapi ya marehemu Mzee Ochola. Nilijiona mdogo sana, na sikuchukia kujiona hivyo.

Wiki iliyofuata nilimwambia achague mahali, maana alikuwa bado anadaiwa yale mafundo manne. Akatupeleka saa moja asubuhi kwenye mawe wazi, mahali ambapo mawimbi madogo yanapiga kutwa na hakuna mwanafunzi niliyewahi kumpeleka. Kwa desturi zangu ningesema hapana. Nikamwuliza kwa nini hapa.

"Nimeongea na wavuvi siku tatu," alisema. "Majani haikai hapa, mawimbi inayafukuza. Chini nimepapasa yote, ni mawe, hakuna tope. Inatikisa mtu, lakini iko wazi. Na tutamaliza kabla ya saa nne."

"Na unaogopa?"

"Sana, Mwalimu."

Nikavaa mtungi. Nikachukua kamba nikaifunga kiunoni mwangu mwenyewe, fundo ambalo kwa miaka yote nilikuwa nawafunga wengine, nikampa yeye upande wa pili aushike. Halafu nikashuka wa kwanza.